Firigisi ya Mjomba

Jumanne, Soweto, Mbeya. Baridi ya leo inaingia hadi ndani ya sweta, na ukungu haujainuka tangu asubuhi. Kazini nimeomba ruhusa kwa kisingizio cha uchovu wa safari. Ukweli ni kwamba nina hasira, na sikutaka kwenda nayo ofisini.

Swali ambalo nimeshindana nalo kwa muda mrefu ni hili: je, mtu mzima wa afya ana haki ya kumkasirikia mgonjwa kwa jambo lililoletwa na ugonjwa wenyewe? Mara nyingi nimejijibu kwamba hana, na nimejijibu kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha mtihani wa mwenzake. Kisha inafika saa ya chakula, na jibu langu linaporomoka.

Mume wangu, ambaye humu nitamwita Festo, alikatwa sehemu ya ulimi mwaka jana kwa sababu ya saratani, kisha akapigwa mionzi. Kwa kadiri madaktari wanavyoweza kuona, saratani imeondoka. Imeacha kinywa kisicho na mate, taya linalofunguka kidogo tu, na ulimi mfupi usioweza kusukuma chakula kwenda nyuma. Anakula vitu vilivyosagwa, kwa kijiko cha chai, kichwa akikiinamisha upande wa kulia na kiganja akikiweka chini ya kidevu. Kila baada ya kijiko anameza maji. Katika muda anaotumia kumaliza kikombe kimoja, mimi ningepika, ningekula na kuosha vyombo.

Kwa miezi kadhaa alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Siku ulipotolewa, daktari alituambia wazi kwamba uzito ukishuka tena, mpira utarudi. Tukiwa bado kwenye korido, Festo aliniambia kwamba hautarudi. Alisema yuko tayari kufa kuliko kuishi na ule mpira. Hakusema kwa hasira wala kwa machozi, na ndiyo maana nilimwamini. Keshokutwa, Alhamisi, tunakwenda kliniki kupima uzito. Suruali yake imeshaniambia mizani itasema nini.

Kwa hiyo kila kijiko anachokiacha kwenye kikombe mimi nakiona kama uamuzi. Labda sivyo. Labda ni uchovu tu, au maumivu, au ladha ya chuma ambayo anasema imekifunika kila kitu. Lakini mimi ndiye ninayechemsha viazi, ninayechambua samaki mwiba baada ya mwiba, ninayesaga parachichi na maziwa na karanga na kuchuja kwa kitambaa. Kisha namkuta amekisukuma kikombe pembeni na anatazama ukuta.

Mimi mwenyewe nakula ofisini. Nyumbani nilishindwa kutafuna mbele yake, nikaanza kula nikiwa nimesimama jikoni, na sasa sili kabisa. Kabla ya kurudi nasukutua mdomo asije akasikia harufu ya vitunguu. Nimekuwa kama mlevi anayeficha pombe, ila ninachoficha ni wali na maharage.

Nina hasira na wageni pia. Wanakuja na juisi ya nanasi, ambayo kinywani mwake ni kama moto, na wanamsimamia mpaka anywe. Mmoja alinishauri nimtilie pilipili kidogo ili apate hamu. Mwingine alimtazama akatikisa kichwa, kisha akanigeukia mimi: "Mama Neema, wewe lakini umenawiri." Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Hata hivyo, hasira iliyonikalisha hapa leo ni ya Jumapili.

Ndugu wa Festo walioko Iringa hawakuambiwa kuhusu saratani. Yeye ndiye aliyetaka hivyo. Waliambiwa jino liliharibu taya, likapasuliwa, na kwamba sauti itarudi taratibu. Anawasiliana nao kwa kuandika ujumbe tu. Nilipomuuliza sababu, aliandika kwenye simu yake akanipa nisome: "Wakijua, wataanza kunililia nikiwa hai." Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, na kwenye mikutano nawahimiza watu wasifiche maradhi. Lakini ule ulikuwa uso wake na kinywa chake, nikakubali.

Nilichokubali bila kukipima vizuri ni sehemu yangu katika uongo ule. Kila tunakokaribishwa, mimi ndiye ninayetakiwa kusema kwamba tumekula njiani. Mwezi uliopita, kwa binamu yake kule Kalenga, walitusongea ugali na kutuchinjia kuku. Nikasema tumekula njiani huku mate yananijaa mdomoni. Mwenye nyumba aliifunika sahani polepole, akasema hapana shida, huenda wa Mbeya wamezoea vingine. Festo alilinda heshima yake kwa kutumia yangu. Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeirudisha.

Jumamosi tulisafiri kwenda Mlandege, pale Iringa, kwa dada yake, Salome, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa anapata kipaimara. Baada ya ibada ya Jumapili watu walijaa uani chini ya turubai. Festo, kama mjomba, aliketishwa meza ya mbele pamoja na mtoto, nami pembeni yake. Akisalimiwa "kamwene" aliinua mkono na kugusa koo, na watu walielewa kwamba sauti bado. Kwenye mkoba wangu mlikuwa na chupa ya chai yenye chakula chake. Mpango wetu ulikuwa kwamba watu wakianza kula, nitaipeleka chumba cha nyuma, naye atanifuata kana kwamba anakwenda kupumzika.

Hatukukumbuka firigisi.

Salome alikuja nayo mwenyewe kabla ya sahani nyingine yoyote, amepiga goti moja, firigisi nzima katikati ya kisahani. Kwao, kama kwetu, hiyo ni ya mwanamume anayeheshimiwa, na mwanamke haigusi.

"Kaka, kuku huyu nilimfuga kwa ajili yako," alisema kwa sauti ya kusikika. "Leo usiniambie mmekula njiani. Njiani mmelala hapa hapa kwangu."

Watu walicheka. Festo aliitazama ile nyama kwa muda. Kwa kinywa chake, firigisi ni sawa na jiwe. Akatabasamu kwa upande mmoja, akaligusa tumbo lake kuonyesha kwamba ameshiba, kisha akakisukuma kisahani mpaka mbele yangu.

Alitegemea niseme ule uongo. Nilimwona akisubiri.

Nikanawa mikono. Nikaichukua firigisi, nikaila.

Haimezwi haraka, kwa hiyo nilitafuna, nikaendelea kutafuna, mbele ya wazee wa kanisa na mashangazi na mtoto wa kipaimara. Ilikuwa tamu. Ni lazima nikiri hilo, maana katika kila kitu nilichosikia kwa dakika zile, utamu ndio pekee ambao nina uhakika nao.

"Wifi!" Salome alisimama. "Firigisi ya mjomba unaitafuna wewe?"

"Amenipa," nilisema.

"Amekupa! Mbeya kumbe ndivyo, wanawake ndio mabwana?" Kicheko kikapita kwenye viti. Kisha akakigeuza kicheko kuwa kitu kingine. "Basi sasa nimejua kwa nini kaka yangu amebaki kola na shati. Chakula chake kina mwenyewe."

Jibu halikuwa langu. Nilimgeukia mume wangu. Ana kalamu, ana simu, ana kichwa cha kutikisa. Angeweza kutikisa kichwa tu. Alipangusa mdomo kwa leso na kutazama kitambaa cha meza.

Aliuacha ule usemi usimame.

Niliondoka na mkoba wangu, lakini sikwenda chumba cha nyuma. Nilikwenda jikoni, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, nikaketi kati ya wanawake waliokuwa wakipakua wali, na chupa nikaiweka chini, katikati ya miguu. Niliamua siipeleki. Nilijua hajaweka kitu tumboni tangu alfajiri. Nilijua Alhamisi ni mizani. Niliyajua yote hayo, na nikakaa.

Wanawake walinipa kisu nikate matikiti. Mmoja alinitania: "Mama firigisi, usije ukaramba na visu." Nikacheka nao. Nilikata matikiti vizuri sana.

Sahani za kwanza zilikuwa zimeanza kurudi kuoshwa Festo alipotokea mlangoni, ameshika nguzo. Mwanamume wa heshima haingii jikoni siku ya sherehe, kwa hiyo kila mtu alimtazama, na Salome, aliyekuwa amejaa mvuke wa masufuria, akauliza kaka anatafuta nini.

"Mama Neema," alisema. "Uji wangu."

Maneno yalitoka yamelegea, bila ncha, kama ya mtu aliyepigwa ganzi kinywa kizima. Mimi nimeshayazoea. Wao hawakuwa wamewahi kuyasikia.

Salome alianza kucheka, akidhani ni utani, akaacha. Festo alivuta kigoda akaketi. Nilimfungulia chupa, nikammiminia kwenye kikombe, nikampa kijiko chake. Akakiinamisha kichwa kulia, akaweka kiganja chini ya kidevu, na akala. Chakula kingine kilishuka kwenye kidevu, akakirudisha kwa kijiko. Koo lilipambana. Kati ya paa la mabati na lile jiko la kuni, ilisikika sauti ya kumeza tu.

"Kaka," Salome alisema baadaye, taratibu. "Hilo ni jino gani?"

"Siyo jino," Festo alisema. Akachukua kijiko kingine.

Salome aliwageukia wanawake. "Na nyinyi mmesimamia nini? Masufuria yanajiosha?" Wakatoka, wengine na mikono mitupu. Alichuchumaa mbele ya kaka yake, na alipoelewa, sijui kwa kuona nini, alimshika goti na hakulia. Alisubiri mpaka kikombe kilipokwisha, na cha pili, na mabaki ya chini ya chupa. Kwa wiki nyingi sijamwona akimaliza chupa.

Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ulijua," alisema. "Mwaka mzima namfugia kuku mtu asiyeweza kutafuna, na wewe umekaa kimya. Wifi, mimi ulinifanya nini?"

Na Festo, mbele ya swali hilo, alikuwa anafuta kijiko chake kwa leso, kwa uangalifu mkubwa.

Kwa hiyo nililaumiwa kwa kula, kisha nikalaumiwa kwa kunyamaza, na yote mawili niliyafanya kwa ajili ya mtu yule yule. Naitazama sentensi hii nikitafuta kosa ndani yake. Kosa lipo, nadhani: firigisi sikuila kwa ajili yake. Niliila kwa ajili yangu. Na chupa niliizuia kwa ajili ya nani?

Jana, kwenye basi, tulipopita Mafinga, alinipa simu yake nisome. "Ulijua nina njaa." Nikamwandikia chini yake: "Ndiyo. Na wewe ulijua naonewa." Alisoma, akaizima, akageukia dirishani. Tangu hapo hatujasemezana zaidi ya mambo ya funguo na mlango. Salome amepiga simu mara kadhaa kuuliza kaka amekula nini. Ananifundisha mimi, mama wa nyumba hii, namna ya kuchemsha viazi.

Wengine watakaosoma hapa wataniambia kwamba mambo yamekwisha vizuri. Alikula mbele ya watu, siri imetoka, ndugu wamejua. Mimi mwenyewe nilijaribu kujiambia hivyo njia nzima. Lakini sijui ni kitu gani kilichomfanya amalize ile chupa. Kama ni kwamba hakuwa na cha kuficha tena, basi nilifanya jambo jema kwa njia mbaya. Kama ni njaa tu, basi nimegundua kwamba mume wangu hula nikimnyima, na hayo ni maarifa ambayo sitaki kuwa nayo siku mbili kabla ya mizani. Mtu pekee anayeweza kuniambia ni yeye. Sijamuuliza. Naogopa kwamba jibu lolote atakalonipa litanidai niache hasira yangu, na sijawa tayari kuiacha. Huenda hiyo ndiyo sababu hasa ya swali langu kutopata jibu: kila ninapolikaribia, nakuta nina faida ya kutolijibu.

Viazi vimeiva. Festo amelala chumbani, uso ukutani, lakini najua yuko macho. Naweza kumpelekea kikombe kitandani kama siku zote. Au naweza kukiweka mezani, nikapakua na sahani yangu, nikakaa nikamsubiri.

Nikisubiri, sijui nitakuwa namsubiri mume wangu, au nasubiri ashindwe.