Mwongozo Uliojiandika

Jumanne

Mbele ya Mungu na ya bidoni yangu ya maji, ninatangaza rasmi kwamba kompyuta yetu imejifunza kuandika kitabu. Inachukua maneno ambayo Innocent, mwenzangu wa kazi, anajiandikia pembeni ya msimbo wa programu, inayageuza kuwa mwongozo mzuri, wenye hata jalada. Sikuusoma. Mimi na Innocent tuliupeleka moja kwa moja kwa maman directrice, mwalimu mkuu wa shule moja ya Bagira, anayepaswa kusaini mkataba wa programu yetu ya bulletin, zile ripoti za alama za wanafunzi.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: «Usifute alama ya tabia hata maman directrice akisema. Atabadilisha mawazo.»

«Innocent, huyu maman ni nani?»

«Ni wa mufano tu, maman.»

«Basi mimi, asiye wa mufano, nasema muifute leo. Bila hivyo sisaini.»

Njiani Innocent akaniambia: «Mashine yako haijue kunyamaza.» Nikaogopa kweli. Huyo maman ndiye mteja wetu wa pekee.

Jioni hii ametuma ujumbe: walimu wamelalamika, turudishe alama ya tabia haraka, kesho atasaini.

Innocent hakuwa ameifuta.