Koplo Mgomba Arudi Kambini

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nesi Monica kasema niandike kila siku. Chochote. Eti mkono wa kulia utaamka kwa kuandika. Haya, jina langu. Esnath. Esnath. Esnath. Herufi zimelala kama migomba baada ya upepo. Baridi kali. Basi.

Jumatano, 9 Julai

Ukungu tangu alfajiri, Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Vaileth katoka kiwandani na harufu yake ya chai, kanipikia mbalaga, ndizi na maharage, laini kama nipendavyo. Mwanangu huyu hanitazami usoni ninapokula. Anatazama bakuli. Tangu kiharusi kinipate mwaka jana upande wa kulia wa uso umeshuka, mchuzi unatoka kwenye kona ya mdomo. Ananifuta bila kusema kitu. Afadhali angesema! Uso huu ndio uliomsomesha.

Jumapili, 13 Julai

Mgeni! Baada ya ibada. Dada mrefu, gauni la kawaida, lakini viatu — nikajua tu huyu ni jeshi. Raia hang'arishi kiatu hivyo. Kaniamkia kwanza kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi," kisha kajitambulisha: Kapteni Anyitike, mzaliwa wa Suma. Akauliza kama mimi ndiye Koplo Mgomba.

Koplo Mgomba! Nusura niangushe kikombe.

Ujanani nilikuwa kwenye kikundi cha sanaa cha jeshi. Mchekeshaji. Koti la mwanamume linaburuza chini, kofia imefunika macho, na badala ya bunduki mkungu wa ndizi begani. Sajini akija kukagua, napiga saluti: "Afande, bunduki yangu imeiva!" Askari hoi. Baadaye nikaigiza redioni, nikazunguka mikoa, nikaolewa, nikafiwa. Lakini jina nilipewa na lile koti.

Kapteni anasema marehemu baba yake alikuwa kwenye vita vya Kagera. Nyumbani alikuwa akiwachekesha watoto wake kwa maneno yangu. Sasa kikosi chake kinaondoka kwenda kulinda amani nchi ya mbali. Vijana watupu, wengi hawajawahi kuvuka mpaka. Jioni kila mtu anainamia simu yake, anacheka peke yake. Yeye anataka wacheke pamoja, mara moja tu, kabla ya ndege.

Nikasogea mwangani. "Mwanangu, nitazame vizuri."

Akanitazama. Hakukwepesha macho. "Nimeona, bibi. Bado nakuomba."

Nimemwambia nitafikiri. Moyo ulikuwa umeshakubali zamani!

Jumatatu, 14 Julai

Vaileth kakataa. Mkali kama pilipili. "Mama, watakucheka!" Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hakucheka. Kasema mgonjwa hachekwi. Kasema watarekodi, video itafika kiwandani, wenzake watamwonyesha mama yake kwenye simu zao. Akalia. Mimi nilitaka kukasirika, nikashindwa. Anaogopa kwa niaba yangu, na pengine kwa niaba yake pia.

Jumapili, 20 Julai

Nimejaribu. Nje ya kanisa, mbele ya kina mama wa kwaya. Nimeshusha kofia mpaka puani ili mdomo usionekane, nikatembea kikoplo, nikapiga saluti. Mkono umefika shavuni, umegoma kupanda.

Kimya.

Kisha mmoja: "Pole, mama." Wote wakadakia. Pole, pole sana, Mungu yupo. Mmoja akafumba macho akaanza kuniombea.

Nimechekesha wenye njaa, wafiwa, walevi. Sijawahi kuambiwa pole katikati ya mchezo.

Siendi.

Ijumaa, 25 Julai. Siku ya Mashujaa

Redio ya jirani inapiga tarumbeta. Siwezi kuacha kuikumbuka ile shule ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita vya Kagera, madirisha yote yamevunjika. Lori lilitushusha, tukakuta askari wamekaa chini uwanjani. Sufuria za ugali zimejaa. Hakuna anayegusa. Asubuhi ile walikuwa wamezika wenzao.

Nilimwambia mkubwa wao siwezi. Kuwachekesha hawa ni dhambi, afande. Nilikuwa na miaka ishirini. Yule mzee — mimi nilimwona mzee, kumbe hata arobaini hakufika — akasema taratibu: "Binti, sikuombi wafurahi. Naomba wale."

Nikavaa koti. Ambindwile, mwenzangu wa kikundi cha sanaa, ndiye aliyeigiza Sajini wangu. Akafoka nigeuke kulia. Nikageuka, nikajikwaa, nikaanguka kweli! Si mchezo. Mkungu huko, mimi huku, pua inatoka damu. Nikainuka na damu yangu nikapiga saluti: "Afande, nimempata adui. Ni hili jiwe." Askari mmoja akacheka huku analia. Mwingine akamfuata. Mwishoni nikawaona wanasogelea sufuria, wananawa mikono.

Damu sikuifuta. Ndicho ninachokiwaza leo. Ile damu niliwaonyesha wote. Kanisani nilificha mdomo chini ya kofia, nao wakatazama kilichofichwa tu.

Nimempigia simu Ambindwile, kule Lupepo. Masikio yake sasa ni mabovu. "Haloo! Selikali imenikumbuka?" Siyo serikali, ni mimi! "Nani?" Nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia: KOPLO! Kisha akauliza nimechelewa wapi.

Jumatano, 30 Julai

Kaja kwa bodaboda, fimbo mkononi, kofia ya sufu. Meno yamebaki machache. Hakuniambia pole. Kanizunguka kama anakagua gwaride, akasimama upande wa kulia, akainama.

"Koplo! Huu mdomo nani kaupa luhusa ya kukaa?"

Akacheka mpaka akaegemea mgomba. Mtu wa kwanza tangu mwaka jana kuucheka uso wangu mbele yangu! Nami nikacheka, nusu ya uso, mate yakanitoka, tukacheka na mate. Sijui nieleze vipi. Kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Mazoezi yakaanza palepale.

"Kulia, geuka!" Nikageuka kushoto.

"Nimesema kulia!"

"Afande, kulia ni mtoro. Tangu mwaka jana hajaripoti."

"Nini? Mtoto? Una mtoto jeshini?"

Hakusikia! Tumeiacha hivyohivyo. Imeingia kwenye mchezo.

Nimempigia Kapteni. Nakuja. Akanishukuru kwa kwetu, ndaga, ndaga fijo, bibi, akarudia mara nyingi.

Jumanne, 5 Agosti

Tunafanya mazoezi nyuma ya nyumba kila asubuhi. Mkono wa kulia ukishindwa saluti, wa kushoto unaubeba na kuupandisha, kama mtu anayemsaidia mlevi. Ukifika juu unaanguka. Unabebwa tena. Mgongo unauma vibaya. Presha nimepima, iko sawa.

Leo nimesikia kitu jikoni. Nikadhani chungu kimemwagika. Ni Vaileth. Alikuwa anachungulia dirishani, kafunga mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanaruka. Aliponiona akatoka nje, bado anacheka, machozi yanamtiririka, akanishika mashavu yote mawili. Akanitazama. Uso mzima. "Mama, wewe ni mjinga," akasema. Mtoto kamwambia mzazi wake mjinga, na mzazi kafurahi!

Anakuja nasi. Kaomba ruhusa kiwandani.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko nyuma ya turubai, kambini. Naandika kwa sababu nikikaa bure natetemeka.

Gari la jeshi lilikuja kutuchukua nyumbani, Kawetele, mapema. Kapteni Anyitike leo kavaa kombati, anatisha kidogo, lakini kanibebea mkungu mwenyewe. Nimechungulia. Wamekaa nyasini, safu kwa safu. Mungu wangu, watoto! Wengine hata ndevu hazijaota. Mabegi yao yamepangwa ukutani tayari. Hakuna aliyeshika simu. Wananong'ona, wanatazama milima.

Niko sawa. Koti linaburuza. Kofia nimeisukuma nyuma kabisa, uso wote uko wazi.

Afisa kijana anatutambulisha kwa kipaza sauti. Anazungumza vizuri, ana adabu — lo! Hapana. Hapana! Anawaambia kuwa bibi yetu ni mgonjwa, amepata kiharusi, amekuja kwa upendo, kwa hiyo anaomba nidhamu. Asisikie mtu anacheka ovyo. Amewasimamisha. Kikosi kizima kimesimama wima kwa heshima yangu. Nasikia bendera inavyopiga mlingoti.

Vaileth kaweka mikono kichwani. Kapteni kaondoka mbio kuzunguka turubai. Amechelewa. Ambindwile hakusikia hata neno moja la yule afisa, ameshatoka, kifua mbele, fimbo kwapani. Anafoka: "Koplo Mgomba! Yuko wapi huyu mwanamke?"

Kimya. Kimya cha kanisani kilekile.

Masikini, hajui. Anadhani wamefurahi ila yeye ndiye hasikii. Anafoka tena, kwa raha zake.

Hapa mlangoni pa turubai kuna askari wa kike, amewekwa anisaidie kupanda ngazi. Mdogo, mashavu ya mviringo. Ananitazama uso, anautazama mkungu, anautazama tena uso. Amekaza midomo. Anatazama juu. Anatetemeka yeye sasa.

Nimemwambia, "Mwanangu, kaa wima. Ukiinama na mimi nimepinda, nani atamnyoosha mwenzake?"

Limempasuka! Cheko kubwa, la puani, kama mbuzi. Samahani bibi, samahani, nisamehe, huku anaendelea. Nimemwambia asijizuie, aje nalo hadi kwenye ngazi. Kicheko kimevuka turubai. Kule nje mtu kakohoa. Mwingine naye. Kikohozi cha aina hiyo nakijua, hakina dawa hospitali yoyote. Ambindwile ananiita mara ya tatu. Vaileth, shika kalamu, mimi natoka!