Mrija wa Shangazi Justina

Machame, 3 Machi 2025

Mwanangu Anaeli,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila sikio ni lile lile bovu, ndiyo maana nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga. Huko India wanakulisha vizuri?

Dada yangu Justina tulimrudisha nyumbani siku moja tu baada ya wewe kumpasua, kabla hujasafiri. Majirani wanakuja kuyatazama yale matundu manne tumboni, hawaamini kwamba mawe ya nyongo yalitokea hapo. Nami najisifu, kwa nini nisijisifu? Ila mtori hataki, anakula vijiko viwili anasukuma bakuli. Tena anajikuna mwili mzima. Na macho yake nayaona kama yamebadilika rangi, au ni uzee wangu. Ndivyo mtu anavyopona?

Baba yako,
Eliakim

Bangalore, 4 Machi

Shikamoo baba,

Sijambo, namshukuru Mungu. Chakula ni pilipili tupu. Leo nimeendesha roboti ya upasuaji kwa mara ya kwanza! Mgonjwa yuko kule, wewe umekaa pembeni umeshika vishikio viwili, na mikono ya chuma inafuata vidole vyako bila kutetemeka. Ungeona, ungeacha kunicheka kwa kushindwa kukamua ng'ombe.

Shangazi apumzike, anywe maji mengi. Kuwashwa hutokea.

Binti yako,
Anaeli

Machame, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu usiulize. Justina amekuwa wa njano, macho mpaka viganja, na mkojo wake ni kama chai ya rangi. Amenikataza kukuandikia: "Muache mtoto asome, wasije wakamfukuza kwa ajili ya tumbo langu." Ndiye aliyekulea mama yako alipofariki, ubishi wake unaujua. Maumivu yakimshika anauma khanga ili nisisikie, kana kwamba nasikia.

Naogopa, Anaeli. Niambie kitu.

Baba yako

Bangalore, 6 Machi

Shikamoo baba,

Usimpe chochote, wala dawa ya majani. Nimempigia jirani Mathew, anakuja na gari sasa hivi. Dakta Davis anawasubiri hospitalini Moshi. Atamfungua tumbo. Mkubalie.

Kosa ni langu. Damu iliziba kamera, nesi Stella akaniuliza, "Daktari, tufungue?" Nikaona aibu. Nimechaguliwa kwenda kusomea roboti, halafu nishindwe na kifuko cha nyongo? Nikabana mrija niliodhani ndio wa kifuko, nikaukata. Jumapili nilirudia kuitazama video ya upasuaji. Nilikata mrija mkubwa, ule unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini.

Barua yako ya Jumatatu ilinikuta najua, baba. Nilijiambia labda nimeona vibaya. Niliogopa, na sasa naogopa zaidi. Akifika niandikie, hata neno moja.

Anaeli wako

Bangalore, 7 Machi

Shikamoo baba,

Davis anasema ametoka salama chumba cha upasuaji. Wewe mbona kimya?

Anaeli

Bangalore, 8 Machi

Baba, shikamoo. Naona umezisoma zote. Nimeomba ruhusa, leo napanda ndege.

Anaeli

Moshi, 9 Machi

Anaeli,

Justina yu hai. Ana mshono mrefu tumboni na mpira unaotoa nyongo ubavuni. Homa haijashuka, na daktari hataki kuniahidi kitu. Nimekaa hapa nje, kila nesi anapofungua mlango nasimama.

Sikukujibu kwa sababu maneno niliyokuwa nayo si ya kumwandikia mtoto.

Ukishuka, usije hospitali moja kwa moja. Pita nyumbani kwanza, masale yapo mpakani mwa kihamba, pale migomba inapoishia. Wewe ni Mchaga, unajua mkosaji haendi kuomba msamaha bila jani la sale mkononi. Kata mawili. La Justina halina shida, ameshasema atalipokea. Lakini mimi nilikuuliza kuhusu macho yake, ukanijibu habari za mashine. Siku tatu, Anaeli.

La pili uniletee mimi.

Baba yako,
Eliakim