Kamba Shingoni mwa Bosi

Kianda, Kibera
12 Machi

Mwanangu Mercyline,

Natumai kazi ya Doha haijakuchosha. Nyumbani tu wazima, isipokuwa mbwa wako Bosi. Kwa wiki tatu amekuwa akikohoa kwa sauti kama ya bata bukini. Nilimshuku jirani yetu Rosebella kwamba anamtilia sumu, kwani kila niliporudi kutoka kanisani nilimkuta ameinama mlangoni petu, pale ninapomfunga Bosi. Nikaacha kumsalimu.

Jumanne nilimpeleka Bosi kwa daktari wa mifugo, karibu na kituo cha Kawangware 46. Naye nilimshuku, maana alimpapasa koo tu, akasema ameshaujua ugonjwa.

"Mzee, hapa hakuna sumu. Bomba la hewa limelegea, linabonyea akipumua. Hawa mbwa wadogo huugua hivyo sana. Unamfunga na nini?"

"Kamba ya shingoni, asiibwe."

"Basi kamba inambana palepale pabovu. Ukiendelea hivyo utampoteza."

Alinipa dawa ya kikohozi na mkanda wa kumvika kifuani. Akaagiza Bosi apunguziwe ugali, na akae mbali na moshi wa jiko.

Nilipomweleza Rosebella, alicheka. "Baba Mercy, na mimi ndiye nilikuwa nalegeza hiyo kamba kila Jumapili. Ungeniuliza tu."

 Dawa hutolewa mara tatu kwa siku, nami mchana huwa sipo. Nimempa Rosebella ufunguo wa nyumba, ampe Bosi ile ya mchana. Wewe unajua kwamba hata mama yako, Mungu amrehemu, nilichelewa kumpa ufunguo huo.

Akuombeaye kila siku,
Baba yako, Lazarus Wekulo