Pumzi za Adhis na Gari la Stima

Jumapili, 10 Agosti 2025

Dancun amekuja na gari la watu. Jipya, jeupe, halina kelele hata kidogo. Nilikuwa naanika nguo, nikageuka — liko nyuma yangu! Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Yeye anacheka tu.

Ni van ya stima. Bhavin, bosi wake wa duka la spea, anataka kuanza kuziuza hapa Kisii. Amempa Dancun wiki mbili alijaribu. Eti hataki maneno ya fundi, anataka ya mtu mwenye mke, mtoto na mizigo. Aende nalo kambini, alale ndani, kisha aandike ripoti kama linafaa au halifai. Likifaa, Dancun anatoka stoo na kuwa msimamizi wa yadi mpya. Kwa hivyo mume wangu ameshaamua linafaa, hata mlima mmoja hajapanda nalo.

Naogopa. Nimemuuliza, chaji ikiisha njiani nitalimwagia nini, uji?

Lakini halitoi moshi. Hapo nalisifu. Lile gari letu kuukuu lilikuwa linamkohoza binti yetu Adhis kutoka hapa Kiogoro hadi mjini. Leo tumeenda na kurudi, kimya. Pumzi 22.

Jumatano, 13 Agosti

Kliniki ya pumu. Sista ameangalia daftari hili, akasifu. Yeye ndiye aliyenituma nilinunue: hesabu pumzi za mtoto dakika nzima, andika. Hajui kwamba katikati ya hesabu nimejaza porojo zangu zote. Nilifunika kwa kidole gumba.

Amenikumbusha ile dalili. Mwambie mtoto ataje majina yake yote matatu. Akiyataja kwa pumzi moja, mpe dawa, subiri. Akikwama katikati, usisubiri mtu yeyote. Adhis akajibu pale pale, kwa madaha, kama yuko redioni: Valary Adhis Ombok! Miaka sita, mdomo wa miaka sitini. Tulicheka.

Nikamwuliza sista kuhusu makambi ya kanisa, wiki nzima Nyansiongo, baridi ya kule. Akasema mfunike vizuri, ubebe mashine ya mvuke wa dawa, uhakikishe kuna stima.

Dancun amerukia hapo hapo: gari lina soketi! Mashine itachomekwa garini! Usiku tunawasha hita! Hospitali ya magurudumu, ndivyo alivyoiita. Nilitaka kumwamini.

Pumzi 23.

Jumanne, 19 Agosti

Tumefika. Godoro, sufuria, blanketi sita, gunia la viazi, na Nyanchoka jirani yetu na kapu lake la ndizi — vyote vimeingia, na miguu ikapata pa kunyooka. Haki nisiwe mwongo, kwa nafasi, gari hili ni la familia.

Ila ile milima! Tulitoka na chaji mia. Kupanda kuelekea Keroka nambari zilikuwa zinashuka nikiziona. Nyansiongo tumeingia na 77. Dancun anasema ni mizigo. Nyanchoka akauliza kama ndiyo mizigo yeye ashuke. Aliuliza kwa hasira, tena na ndizi zake mkononi.

Mahema yameenea uwanja mzima wa shule. Watoto wanapanga foleni kuchungulia ndani ya gari. Adhis anawauzia tiketi za majani ya chai.

Pumzi 24.

Jumatano, 20 Agosti

Baridi hii si ya watu. Majani yameamka meupe. Tulilala garini na hita, Adhis hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa karibu kumwomba Dancun msamaha, halafu nikaona kioo cha chaji: 62. Kulala tu!

Chaji ya karibu ni Keroka, kwa rafiki yake mchomelea vyuma mwenye stima ya nguvu; hii ya shule ni hafifu. Nimemwambia aende leo. Anasema 62 ni nyingi, ataenda Ijumaa.

Nimefanya jambo. Jenereta ya kanisa walikuwa wameiweka karibu na hema la watoto, moshi mtupu, Adhis akaanza kufikicha kifua. Nikaenda kwa Mzee Ogoti, mzee wa kanisa, nikamwambia: ondoeni hiyo kitu, spika zichomekwe kwa gari letu. Akafurahi! Jenereta ikapakiwa leo jioni kupelekwa makambi mengine yasiyo na kitu. Dancun alinitazama kwa fahari. Nilijiona nina akili.

Pumzi 26.

Alhamisi, 21 Agosti

Transfoma imeungua. Upande huu wote hakuna stima, si shuleni, si sokoni. Sasa gari letu ndilo stima ya watu mia nne. Spika, kinanda, simu. Waya zinaning'inia mlangoni kama mbuzi anayechunwa.

Asubuhi 47. Jioni 30. Nimemwambia Dancun zima. Anasema nitazimaje mhubiri katikati ya mahubiri, Mama Adhis? Halafu anapiga picha za ripoti.

Hita tutaiwasha kwa saa mbili tu. Pumzi 27.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya maandalizi. Kila kitu kimalizwe kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia hakuna kazi. Kwa hivyo leo kambi nzima imekumbuka simu yake! Kina mama wameleta taa, vijana wameleta mashine ya kunyoa. Ya kunyoa!

Asubuhi kulikuwa na 23. Nilimwambia Dancun, nenda Keroka sasa. Akasema kwaya imalize. Kwaya ikamaliza, Mzee Ogoti akaomba nyimbo za watoto. Saa tisa na nusu, katikati ya wimbo, spika zikanyamaza. Gari limekata soketi lenyewe. Chaji ikifika kumi halitoi tena, linajiwekea ya kutembelea. Bhavin alimwambia hilo siku ya kwanza. Dancun alisahau kuniambia mimi.

Yaani mashine ya mvuke haiwezi kuwaka. Ile hospitali ya magurudumu imefungwa!

Nikamwambia twende Keroka sasa hivi. Akashika funguo. Hapo hapo wakaja: maji ya kupikia yameisha, bomba ni la stima, gari lichote mtoni safari moja tu, ni jioni ya Sabato, watu mia nne watakula nini. Na Dancun hajui neno hapana. Hajafundishwa kwao. Safari moja ikawa tatu. Wakati anapakua mtungi wa mwisho jua lilikuwa limegusa miti, kengele ikalia.

Nilisema twende hivyo hivyo. Akasema kwa sauti ya chini, Pam, nikitoka sasa kwenda kutafuta chaji watasema nini? Mzee Ogoti akacheka, eti hata gari lipumzike Sabato. Nikakubali tubaki. Mimi pia niliogopa watasema nini. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Chaji 7. Pumzi 29. Nimemvika sweta tatu na soksi za baba yake.

Sabato, 23 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pumzi 36. Hakukohoa usiku, alikuwa anapiga mluzi wa kifuani. Nimempa inhela kupitia chupa ya soda niliyoitoboa, dawa isipotee. Mara nne.

Saa moja. 40. Mbavu zinaingia ndani. Nimempa tena. Majina ameyataja matatu, lakini kwa kupumzika. Gari la mchungaji liliondoka alfajiri. Lori la kambi limeenda kuleta kwaya nyingine. Nyanchoka amesema tuchukue boda. Nikasema baridi ile, na moshi ule, atafika akiwa nini? Ni gari hili au hakuna. Kioo: 6. Linasema kilomita tisa. Zahanati ya hapa haina stima; hospitali ya Keroka ni kama kumi na nne.

Mimi ndiye niliyefukuza jenereta. Mimi.

Saa moja na robo. Tumo njiani. Dancun ametupa nje kila kitu, godoro, viazi, hata tairi la akiba. Hita hapana. Redio hapana. Nimemweka Adhis kifuani ndani ya blanketi, daftari juu ya goti. Sista alisema andika. Nikiacha kuandika nitapiga kelele na atanisikia.

Pumzi 44.

Dancun anaendesha polepole kama amebeba mayai. Jasho linamtoka kwenye baridi hii. Nataka kumpiga, na nataka kumshika mkono. Kioo: 4.

Kuna mteremko. Imerudi 5! Imepanda yenyewe! Dancun amesema tukishuka linajichaji. Akasema kilima kikubwa ni kimoja tu kimebaki, baada yake ni kushuka hadi mjini. Kimoja tu, amerudia mara tatu.

2.

Taa nyekundu. Picha ya kobe. Linatambaa.

Saa moja na dakika arobaini. Limesimama. Kilele nakiona! Hapo, kwenye ule mkaratusi, ni kama uwanja wa mpira mmoja tu. Kimya kile kile nilichokuwa nakisifu, sasa nasikia kifua chake peke yake. 48. Midomo imebadilika rangi, au ni baridi. Ee Nyasaye, Mungu wangu, iwe baridi.

Dancun ametoka anasukuma peke yake. Haliendi. Analia, namwona kwenye kioo cha pembeni.

Boda imesimama nyuma. Ni Mzee Ogoti! Ametufuata. Amevua koti la suti, amelitupa kwenye majani. Anawaita watu waliokuwa wanapita kwenda kanisani, kina baba wa suti, kina mama wa vitambaa vyeupe, Kisii na Kiswahili vimechanganyika: njooni, mtoto, njooni! Mmoja ameuliza kitu, nadhani kuhusu Sabato. Mzee amemwambia sukuma kwanza, utauliza baadaye.

Linatembea.

Viatu vinateleza. Mama mmoja amevua vyake, anasukuma peku. Dancun amerudi kwenye usukani. Mzee Ogoti uso wake uko kwenye kioo cha nyuma, karibu kabisa na wangu, mdomo wazi, ananiangalia. Anasema kitu. Nadhani ni nisamehe. Sina nafasi ya hilo sasa.

Mkaratusi umepita. Pua ya gari imeinama.

Mikono yao imetuachia. Tunashuka. Dancun anasema 1, Pam, limeandika 1, naona paa za Keroka. Limeandika 2.

Nimeacha kuhesabu. Nimemwinulia kichwa nikamwambia, mama, niambie majina yako.

Valary, amesema.

Amevuta pumzi. Mabega yote mawili yameinuka.

Adhis.

Nasubiri Ombok.