Sanduku la Mapafu

Jumatatu, 12 Julai 1999

Dokta Ndesanjo kaja na sanduku. Nikadhani mzinga wa nyuki! Kumbe ni kifua. Mbao za fundi wa Ngarenaro, matundu matatu juu. Ndani unaweka mapafu ya mbuzi, unapitisha koleo ndefu kwenye matundu, halafu huangalii mikono yako — unaangalia tivii. Kamera ni ya Lucky, yule wa video za harusi. Kaja nayo mwenyewe, hataki mtu aiguse.

Dokta anasema huko alikosoma ndivyo wanavyojifunza kumpasua mtu pafu bila kumfungua kifua chote. Kwanza sanduku, mtu baadaye. Mashine yenyewe ya kuingiza kwa mtu bado hatuna, lakini mikono ianze kuzoea.

Mapafu ya leo yalitoka bucha. Hovyo! Mkaguzi wa nyama kule machinjioni huyachana kutafuta minyoo, kwa hiyo tukiyapuliza yanatoa upepo kila upande. Dokta akasema mkaguzi katuwahi kupasua. Nilicheka peke yangu.

Nimemwambia dada Aikande amtume shemeji achinje nyumbani, atuletee mapafu mazima. Dada yuko wodini kwetu wiki ya pili. Usaha umeganda kifuani, umelibana pafu la kulia, hata sentensi moja haimalizi bila kupumzika. Jumatatu ijayo Mzee Elisaria, daktari wetu wa upasuaji, anamfungua kifua kwa njia yetu ya siku zote. Hapo sina wasiwasi. Mzee ni Mzee.

Jumanne, 13 Julai

Mapafu ya shemeji — mazuri, mazima, yanajaa upepo mpaka raha.

Tumejaribu wote. Kazi ni kuokota uzi na kufunga fundo. Basi! Nimekamata hewa nusu saa. Naona uzi huu hapa, nabana, hakuna kitu. Madaktari nao hivyo hivyo, majasho yanawatoka. Dokta Ndesanjo akasema tusijilaumu: tivii ni bapa, haionyeshi kilicho karibu na kilicho mbali. Macho mawili tuliyozoea kupimia hayasaidii tena. Yeye ilimchukua wiki sita.

Jumatano, 14 Julai

Mzee kaja! Miaka sitini na moja, ndiye aliyetufundisha karibu wote hapa. Akasema kwa dharau, haya, nione na mimi huu mchezo wenu.

Akashika koleo. Akaokota uzi. Mara ya kwanza! Fundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mkono hautetemeki. Tulipiga makofi, Lucky akapiga na mluzi kama bibi harusi ndiyo anaingia ukumbini.

Dokta Ndesanjo hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Mzee usoni, si kwenye tivii. Nikajua ni wivu.

Alhamisi, 15 Julai

Sijui nianzie wapi.

Dokta Ndesanjo aliniita stoo ya mashuka. Akauliza jicho la kushoto la Mzee lina shida tangu lini. Nikamwuliza, jicho gani? Akasema hajawahi kuona mtu mwenye macho mawili akafanya vile siku ya kwanza. Aliwahi kumwona mmoja tu aliyeweza — mwanafunzi mwenzake, ambaye jicho lake moja lilikufa utotoni. Kwake dunia nzima ilikuwa bapa siku zote, kwa hiyo tivii haikumsumbua.

Nilimwakia! Nikamwambia wewe umekuja juzi, usituletee fitina. Hakukasirika. Akasema, "Sista Tabea, mimi sisemi, nauliza. Wewe ndiye umesimama naye miaka kumi na moja." Akasema pia kwamba kwa kuwa mgonjwa wa Jumatatu ni dada yangu, hatafungua mdomo mpaka nifungue mimi.

Nikaenda kuosha vyombo vya upasuaji. Ndipo nikaanza kukumbuka.

Nilipoanza kazi, sista Namnyaki aliyenitangulia alinifundisha: Mzee hukabidhiwa, Mzee hachukui. Mkono wa kulia unatoa, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyompa mkubwa kitu chochote nyumbani. Kifaa unakiweka kiganjani na kukikandamiza mpaka afumbe vidole. Nikaona ni adabu tu! Madaktari wengine wote wanajichukulia wenyewe kwenye sinia. Na nimewagombeza wanafunzi wangapi kwa kuacha mkasi kwenye sinia ya Mzee — kwenu hamkufunzwa adabu?

Na mbona mimi husimama kushoto kwake siku zote? Mbona uzi nakata mimi, yeye anasema tu "kata"? Mbona kila akifika ndani kabisa huuliza, "Tabea, nimegusa?" Na mimi najibu, "Bado, Mzee. Bado. Hapo."

Miaka kumi na moja! Mimi ndiye jicho lake, na hakuna aliyeniambia.

Ijumaa, 16 Julai

Nimefanya jambo la aibu. Nilisimama kwenye korido upande wake wa kushoto, kimya, bila salamu. Akanipita. Bega lake likanigusa kabisa, akaendelea.

Nikasema shikamoo. Akageuka mwili mzima ndipo akaniona. Akaitikia marahaba taratibu sana. Amejua kwamba nilikuwa nampima.

Jumapili, 18 Julai

Baada ya ibada Mzee alikuja wodini, akanikuta kwenye benchi la nje. Akasema, "Uliza, mwanangu."

Hakungoja swali. Akaanza kueleza mwenyewe. Presha ya macho, mwaka themanini na saba, ikaliua la kushoto. Wakati ule foleni ya wagonjwa ilifika getini na daktari wa upasuaji alikuwa yeye tu. Akajiambia atasema akija mwingine. Waliokuja walikwenda Dar au nje. Namnyaki aligundua, akabuni ile adabu. Baadaye, anasema, ikawa rahisi mno kunyamaza.

Nilimuuliza kama anaweza kumfungua dada. Akasema, "Nikiwa na wewe, ndiyo. Bila wewe, sijawahi kujaribu."

Sasa shida ndiyo hii! Metroni ameshanitoa kwenye orodha ya kesho. Kwake ni sheria, hakuna muuguzi kusimama akipasuliwa ndugu yake. Kaweka binti mgeni, mzuri, mwepesi — na anaacha vifaa kwenye sinia.

Nikasema basi afanye Dokta Ndesanjo. Mzee akasema ni haki. Ila nijue Ndesanjo ana macho mawili na vifua vitano tu alivyofungua, na pafu la Aikande limeshikana vibaya sana. Yeye vifua amepita mia mbili. Akainuka, akaniambia mgonjwa ndiye mwenye kuchagua, na nisipomwambia mimi atamwambia yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka, macho yote mawili.

Namheshimu. Nina hasira naye. Vyote viwili.

Jumatatu, 19 Julai

Saa moja asubuhi nilimwambia dada. Nilisema yote, haraka haraka, nimeshika fomu yake ya kukubali upasuaji. Nikangoja apige kelele.

Akasema, "Si tunajua."

Nani anajua? Wote! Mlima mzima kule kwetu! Akasema kwa vipande, akipumzika kila neno la tatu: mke wa Mzee humwongoza akivuka mfereji, watoto wa majirani humsalimia wakiwa upande wa kulia, kanisani kikombe huwekwa mkononi mwake. "Aibu ya mtu mzima haitajwi. Tulidhani nyie wa hospitali mnajua zaidi yetu."

Sasa mbona ulimkubali, dada?

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Kwa sababu yako wewe. Nilijua utakuwa pembeni yake. Si utakuwa pale?"

Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshafika mlangoni. Nikasema ndiyo. Akaweka sahihi.

Nimejifungia choo cha wauguzi, naandika kwenye goti. Gauni nimevaa, kofia nimevaa. Dada anasukumwa kwenda kwenye nusukaputi, nasikia magurudumu. Mzee ananawa. Binti amepanga sinia. Metroni yuko mlangoni mwa thieta, anauliza kwa sauti ni nani kachukua gauni la ziada —