Kofia Ilibaki Kwenye Usukani

Ndugu yangu, leo Jumanne tarehe kumi na nne, asubuhi ya manyunyu, nimeshonwa nyuzi saba kichwani.

Unajua huwa navua kofia ngumu nisali kabla ya kuwasha pikipiki. Leo nimesali, nikasema amina, nikaondoka. Kofia inaning'inia kwenye usukani. Kwenye usukani, ndugu yangu!

Kwenye kona nikateleza. Kofia haina hata mkwaruzo.

Muuguzi akaniambia, "Baba, Mungu alishakujibu. Jibu ukalitundika."

Mke wangu akalia: "Umeanza shule ya jioni uzeeni ujue kuandika jina lako. Unataka sisi tuliandike kaburini?"

Nikainua mkono mbele yao wote wawili, nikasema kwa sauti: "Kuanzia leo, nitasali nikiwa nimeivaa."